Chuma Kikilia, Simama

Kidole cha Kiroboto, msomaji, tulikiacha hewani wiki nzima, na mkono wa mtoto wa miaka saba huchoka. Basi turudi haraka ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Tutakikuta palepale.

Kama gazeti lililopita lilikupita, shika hili tu. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameuliza swali dogo: "Mama yako ni nani, mwanangu?" Na kwenye benchi pembeni alikuwa amekaa Fundi, mshona nguo wa barazani, ndani ya gauni lake zuri kuliko yote, amejiandaa kuwa mama kwa asubuhi moja ili mtoto apate kuandikishwa.

Kidole kikampita Fundi. Kikalipita kabati la vitabu. Kikatoka nje kupitia dirishani, kikatua kwenye uso wa mvulana aliyekuwa amebana pua yake kwenye wavu.

"Yule," alisema Kiroboto. "Yule ndiye mama."

Mvulana huyo, Filimbi, akaibandua pua kwenye wavu. Alikuwa amemfundisha mdogo wake maneno yote ya kusema asubuhi ile, ila hakumfundisha kusema uongo mbele ya mtu aliyemwita mwanangu. Neno hilo hawakuwahi kuitwa mtaani, angemfundishaje kulijibu?

"Wewe! Ingia ndani."

Miguu ya Filimbi haikuzoea kuingia mahali ilipoitwa na mtu mwenye cheo. Ilizoea kutoka. Lakini leo iliingia, ikasimama kwenye sakafu iliyopigwa deki, ikaacha nyayo mbili za vumbi. Akaziona, akazionea haya.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemzaa huyu?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Hapana, mwalimu. Mimi kaka yake. Ananitania tu."

"Sitanii," alisema Kiroboto. "Ananiogesha. Ananipa chakula. Usiku ananifunika. Sasa mama anafanya nini kingine?"

Fundi akajifunika uso kwa mtandio. Mwalimu Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Na wewe, dada," alimgeukia Fundi, "ulikuja hapa kunidanganya."

"Nilikuja, mwalimu. Nisamehe. Hawa watoto wanalala kwenye baraza ninaposhonea. Sare hii nimemshonea mwenyewe, nimeungaunga mabaki ya wateja. Ukitazama vizuri utaona mkono huu na huu haifanani rangi."

"Kama unawapenda hivyo, kwa nini hukai nao nyumbani?"

"Nyumba si yangu. Nakaa kwa shemeji, tangu mume wangu afariki. Ameshanieleza: siku atakayowaona hawa mlangoni kwake, nitatoka nao mimi na cherehani yangu. Mimi mwenyewe, mwalimu, naishi kwa kujibanza."

Mwalimu Mkuu akamtazama Filimbi juu mpaka chini.

"Mama yenu wa kweli yuko wapi?"

"Lori," alijibu Filimbi.

"Lori gani?"

"La askari wa manispaa. Wakija kusafisha mji wanatupakia. Sisi tulikimbia. Mama alikuwa ameshafika mbali, akageuka kunitafuta mimi. Wakamshika palepale alipogeuka. Hatujamwona tena."

Alilisema bila kupandisha wala kushusha sauti, kama mtu anayeelekeza njia. Huo ndio uliokuwa mtindo wake wa kutolia.

"Cheti cha kuzaliwa cha mtoto?"

"Cheti hana. Lakini amezaliwa, mwalimu. Si huyu hapa unamwona?"

Fundi alicheka kidogo, kicheko kikamponyoka katikati ya machozi. Hata mdomo wa Mwalimu Mkuu ulitaka kucheza, akaukaza.

"Na wewe? Wewe hutaki kusoma?"

Swali hilo Filimbi hakulitegemea. Aliitazama ramani ya dunia ukutani, kisha nyayo zake za vumbi.

"Mimi nimeshakua."

"Umekua! Una miaka mingapi?"

"Kumi na tatu. Au kumi na nne. Nikikaa mimi darasani, nani atatafuta chakula? Msomeshe huyu tu, mwalimu. Huyu akisoma, nitakuwa nimesoma."

Mwalimu Mkuu alinyanyuka, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Alipoongea alikuwa kama anaongea na wavu.

"Watoto wa mtaani nimeshawapokea hapa. Walikuja watatu. Wote walitoroka siku ya kwanza, na mmoja aliondoka na redio ya mwalimu. Kamati ya wazazi ilinijia juu. Wakaniambia, mtoto mwingine wa namna hiyo akitoroka, basi, mlango tunaufunga. Na leo mchana kamati wanakuja kukagua madarasa."

Akageuka.

"Nitampokea. Nitasema ni mtoto wa mshonaji, na cheti kinashughulikiwa. Lakini nafasi ni moja. Akikaa kwenye kiti chake mpaka kamati waondoke, kiti ni chake. Akikimbia, hata nikitaka sitaweza. Umenielewa?"

Filimbi alielewa. Akampiga Kiroboto jicho, akapuliza mluzi mmoja mfupi kupitia pengo la meno yake ya mbele. Pengo hilo ndilo lililompa jina. Na mluzi huo mfupi, kwa ndugu hawa wawili, ulikuwa na maana moja tu: nyamaza, fanya ninavyotaka.

Kiroboto alinyamaza. Akashikwa mkono, akapelekwa darasa la kwanza.

* * *

Nje ya ukuta wa shule palikuwa na fungu la mchanga, la watu waliotaka kujenga wakaishiwa. Ukipanda juu yake, unaona darasa la kwanza lote mpaka ubaoni. Filimbi alipanda.

Alimwona mdogo wake akionyeshwa kiti. Akamwona msichana mwenye riboni akijisogeza mpaka mwisho wa dawati na kubana pua kwa vidole viwili. Filimbi akafumba macho. Alfajiri ile alimsugua Kiroboto bombani mpaka mtoto akalia, akadhani ametakata. Kumbe mtaa hautoki kwa sabuni ya kipande.

Alipofumbua macho, mambo yalikuwa yamegeuka.

Mwalimu wa darasa alikuwa amemwaga vifuniko vya chupa mezani. "Nani atanihesabia?" Mikono michache ikapanda kwa woga. Kiroboto hakupandisha mkono. Alisimama tu, akaenda mezani, akavikusanya vitanovitano kwa kasi ya ajabu, vidole vinacheza, akavimaliza kabla mwalimu hajakaa. Wale wanaookota vifuniko na kuviuza kwa mafungu hawahesabu kimojakimoja. Wangelala njaa.

"Jamani!" alisema mwalimu. "Mpigieni makofi!"

Darasa zima likampigia makofi. Kiroboto aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayepigiwa.

Msichana mwenye riboni akasogea tena karibu, safari hii bila kubana pua. Akavunja penseli yake katikati, akampa Kiroboto kipande chenye ncha.

Pale juu ya mchanga Filimbi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alijifuta kamasi kwa mkono wa shati. Alitamani mama aone. Alitamani kuwe na mtu yeyote wa kumgusa bega na kumwambia, unamwona yule, yule ni wa kwetu.

Ndipo akamwona mlinzi.

Mlinzi wa shule alitoka kibandani mwake anapiga miayo, mkononi ana nondo. Alitembea pole pole kuelekea kwenye mti, ambako ringi ya gurudumu la lori ilikuwa imening'inizwa kwa mnyororo.

Filimbi akasimama wima. 

Hapa lazima nikuelezee, msomaji, maana bila hili hutaelewa kwa nini kijana alianza kupiga kelele kama aliyeng'atwa. Watoto wa mtaani hawana saa, hawana simu, hawana king'ora. Wana chuma. Atakayeliona lori la askari kwanza hushika jiwe, msumari, chochote, akagonga nguzo ya umeme. Anayesikia hugonga nguzo inayofuata. Mji mzima unapata habari. Na ukisikia chuma unakimbia, hapo hapo. Humsubiri mtu, hugeuki. Kila mmoja anaingia kwenye tundu lake, na tundu lako humwambii hata ndugu yako, ili akishikwa asiweze kukutaja.

Sheria hiyo ya kutogeuka aliongeza Filimbi, baada ya mama.

Na alimfundisha Kiroboto vizuri. Alimgongea chuma akiwa anacheza, akiwa anakula, akiwa usingizini fofofo. Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye miguu yake ilianza kuruka kabla macho hayajafumbuka, na hapo ndipo walipompa jina la Kiroboto. Mara tatu jina hilo lilimwokoa na lori.

"Mzee! Usigonge! Mzee, nakuomba usigonge!"

Mlinzi aligeuka. Aliona kijana mchafu juu ya mchanga anatupa mikono.

"Toka hapo, mwehu!"

Akagonga.

Ngo! Ngo! Ngo!

Miguu ya Filimbi mwenyewe iliondoka. Ndiyo, ilikimbia hatua kadhaa barabarani kabla hajaweza kuizuia, na alipofanikiwa kugeuka, alikuwa amechelewa. Kitu kidogo chenye mikono ya rangi mbili kilipita kwenye dirisha la darasa, lisilo na wavu, kama kimetemwa. Kikakatiza uwanja katikati ya watoto waliokuwa wakitoka kucheza kwa furaha. Kikaparamia ukuta, kikadondoka upande wa pili, kikapotea nyuma ya maduka.

Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa mwanafunzi mzuri sana.

* * *

"Si nilikwambia?" Mwalimu Mkuu hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa na hasira. "Nilikwambia, baba."

"Si kosa lake! Ni chuma, mwalimu! Ni mimi niliyemfundisha!"

Akamweleza kila kitu hapo getini, maneno yakigombania mlango. Nguzo. Lori. Matundu. Mama alivyogeuka. Mlinzi alisimama kando na nondo yake anasikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoificha nondo nyuma ya mgongo.

"Mie sikujua," alisema mlinzi. "Kwa kweli sikujua. Nilidhani ananitukana."

Mwalimu Mkuu alitazama barabara. Kamati walikuwa bado.

"Watakapofika wataanza na darasa la kwanza, mwenyekiti huwa anataka kuhesabu vichwa mwenyewe. Akikuta kiti kina mtu, hakuna aliyekimbia. Mtafute. Haraka!"

"Sijui amejificha wapi."

"Hujui?"

"Ndiyo sheria. Mimi ndiye niliyeiweka."

Alikimbia. Fundi, aliyekuwa bado anasubiri shuleni, alikimbilia upande mwingine na gauni lake zuri amelikunja magotini, watu wanamshangaa. Filimbi alijiuliza: mtoto mwenye sare mpya atajificha wapi? Asubuhi alimtishia kwamba akiichafua watagombana. Basi atakuwa mahali safi. Akaenda duka la magodoro, akachungulia katikati ya magodoro yenye nailoni, akafukuzwa. Akaenda kwa dobi, akafunua mashuka kwenye kamba, dobi akamrushia ndoo ya maji. Akaenda kwenye ukumbi wa zahanati, akaangalia chini ya mabenchi, katikati ya miguu ya wagonjwa. Hayupo.

Alikuwa ameshakata tamaa, anavuka barabara ya nyuma ya soko, alipoona viatu.

Viatu viwili vyeusi vya shule vilikuwa vimepangwa vizuri, visigino sambamba, pembeni ya mdomo wa karavati lililopita chini ya barabara. Vilipangwa kama mlangoni kwa watu.

Filimbi akapiga magoti. Ndani palikuwa giza na pananuka vibaya. Alipuliza mluzi mrefu, unaosema ni mimi.

"Wameondoka?" sauti ndogo ilinong'ona.

Macho yalipozoea giza alimwona. Kiroboto alikuwa amesimama kwenye maji machafu mpaka magotini, na chupi tu mwilini, anatetemeka. Sare alikuwa ameivua, akaikunja, akaiweka kichwani, akaishikilia kwa mikono miwili ili isiguse chochote. Meno alikuwa ameyabana kwenye kile kipande cha penseli.

Filimbi alimnyooshea mikono. Alimtoa, akamfuta miguu kwa shati lake, akamvisha sare, akamfunga viatu. 

"Hapakuwa na lori," alimwambia.

"Nilisikia chuma."

"Kile ni chuma cha shule. Kinaita watoto kucheza. Baadaye kinawaita tena kuingia darasani."

Kiroboto alimtazama kama anayedanganywa. "Chuma kinaita?"

"Cha shule kinaita."

"Sasa nitajuaje kipi kinaita na kipi kinafukuza?"

Filimbi alifikiri. Hakuwahi kuulizwa swali gumu kama hilo, na muda ulikuwa unayoyoma.

"Angalia nguo," alisema. "Ukiwa na sare, chuma kinakuita. Ukiwa huna, kinakufukuza. Ukivaa hii usikimbie tena. Chuma kikilia, simama wima kama mlingoti. Sawa?"

"Sawa."

"Na masomo yakiisha, kaa juu ya lile fungu la mchanga unisubiri. Usiondoke na mtu. Hata akisema nimemtuma mimi, usikubali. Mpaka unione kwa macho yako. Rudia."

"Chuma kikilia, nasimama. Masomo yakiisha, nakaa mchangani. Siondoki na mtu mpaka nikuone kwa macho yangu."

"Umekuwa msomi tayari."

Kiroboto akatabasamu, akamshika mkono. Walienda hivyo, wanakimbia kidogo, wanatembea kidogo, naye anamsimulia habari za msichana mwenye riboni, kwamba huyo sasa ni rafiki yake, na kwamba walimpigia makofi, je, aliyasikia?

"Niliyasikia," alisema Filimbi. "Yalifika mpaka huku."

Geti lilikuwa mbele yao, ng'ambo ya barabara. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama hapo na wanaume wawili wenye makoti, ndio kwanza wanapeana mikono. Kamati ilikuwa imefika, lakini bado ilikuwa getini. Filimbi alimwona Mwalimu Mkuu akiwaona, akamwona anavyoshusha pumzi. Waliwahi!

Ngo! Ngo!

Kiroboto akasimama. Mikono ubavuni, kidevu juu. Akamtazama kaka yake kwa fahari: umeona?

Lakini chuma hakikutoka shuleni. Kilitoka sokoni. Kikajibiwa na nguzo ya karibu zaidi, na nyingine, na nyingine. Watoto wanne wakapita mbio wakiwa wametoa macho. Nyuma yao, kwenye kona, lilijitokeza lori.

Miguu ya Filimbi haikumuuliza. Ilimtoa pale, ikamvusha mtaro, ikamfikisha kwenye uchochoro wa maduka alikokuwa salama kabisa. Hapo ndipo alipogundua kwamba mkononi hana mkono.

Mgeuko mmoja tu ulimchukua mama. Alijua hilo kuliko alivyojua kitu kingine chochote.

Aligeuka.

Kiroboto alikuwa katikati ya barabara, wima kama mlingoti. Machozi yanamshuka, kila kiungo chake kinataka kuruka. Lakini alikuwa amevaa sare, na kaka yake alisema.

Filimbi alirudi akikimbia kulielekea lori.

"Kamata hao wawili!"

Walidakwa pamoja. Mkono wa askari ulimkaba Filimbi shingoni, mwingine ukamnyanyua Kiroboto kwa kola ya sare.

"Huyo muache!" Sauti ya Mwalimu Mkuu ilivuka barabara kabla yake. "Huyo ni mwanafunzi wangu! Darasa la kwanza!"

Askari alimtazama mtoto, akaiona sare, akamwachia kwa adabu kidogo. "Samahani, mwalimu. Na huyu mkubwa?"

Mwalimu Mkuu akafungua mdomo. Wale wanaume wawili walikuwa wameshafika nyuma yake.

"Kwani, mwalimu," mwenyekiti alisema, "mtoto wa shule yetu anatembea na vijana kama hawa? Huyu ni wa nani hasa?"

Mdomo wa Mwalimu Mkuu ulibaki wazi. Filimbi aliona kila kitu usoni mwake. Alikuwa mama mwema, na alitaka kumwokoa Filimbi pia. Lakini akisema ni kaka yake, kiti kimekwenda.

"Simjui," alisema Filimbi.

Kiroboto aligeuza kichwa.

"Simjui huyu mtoto. Nilitaka kumpora viatu."

"Mnaona?" mwenyekiti alipiga kiganja. "Si ndiyo ninayosema kila siku? Hawa hawa!"

Kofi la askari likatua. Sikio la Filimbi likavuma.

"Ka..." Kiroboto alianza. "Kaka..."

Filimbi akapuliza mluzi mmoja mfupi.

Mtoto akanyamaza. Kidevu kilikuwa kinamtetemeka, kipande cha penseli amekikaza ngumini, lakini alinyamaza.

Filimbi alitupwa nyuma ya lori juu ya miguu ya wenzake. Lilipoondoka aliweka jicho kwenye ufa wa mbao. Mlinzi alikuwa amesimama chini ya mti, nondo mkononi, hajui agonge au asigonge. Mwishowe aligonga, taratibu, kwa kuomba radhi. Watoto wakapanga mstari. Mwalimu Mkuu akamsukuma Kiroboto polepole, na Kiroboto akaingia getini, akasimama nyuma ya msichana mwenye riboni.

Hakugeuka. Filimbi alimshukuru Mungu, na moyo ukampasuka.

Lori lilipita soko, likapita daraja. Halikuelekea kituo cha kawaida. Lilishika barabara kuu ya kutoka nje ya mji, kule ambako hakuna aliyewahi kurudi kuwasimulia.

Ndipo alipokumbuka.

Siondoki na mtu mpaka nikuone kwa macho yangu.

Atakaa pale! Masomo yataisha, wenzake wataenda kwao, naye atapanda juu ya mchanga. Fundi atakuja kumbembeleza, atakataa. Mwalimu Mkuu atamwambia nimetumwa na kaka yako, na hapo ndipo atakapozidi kukataa, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Giza litamkuta pale na sare yake.

"Simamisha gari! Nina mtoto anasubiri!"

Hakuna aliyemsikia. Kupitia ufa, Filimbi aliona watoto kando ya barabara, wenzake wa majalalani, wale wanaomjua yeye na wanaomjua Kiroboto. Walikuwa wanaanza kutoka kwenye matundu yao. Mmoja tu akimwona, mmoja tu akienda kukaa na mtoto juu ya ule mchanga asiwe peke yake!

Lori lilikuwa linanguruma na sauti yake ilikuwa imekauka. Akavua pete ya bati aliyokuwa nayo kidoleni, akaanza kugonga nguzo ya chuma ya bodi la lori kwa nguvu zake zote ili wageuke wamwone.

Ngo! Ngo! Ngo!

Watoto wote waliokuwa kando ya barabara walisikia chuma. Hakuna aliyegeuka kutazama. Walitimua mbio, kila mmoja kwenye tundu lake.